Sauti Imekata? Usikimbilie BIOS, Mdogo Wangu

Saa tano usiku simu ikalia. Ujumbe kutoka Nyangoto. Mdogo wangu mmoja, ana kibanda pale senta cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na kuprinti barua, ananiandikia: "Dada shikamoo. Spika zimenyamaza ghafla. Jamaa kaniambia niingie kwenye BIOS nizime sauti ya mazabodi halafu niiwashe tena, eti itarudi. Niingie?" Nikamjibu: marahaba, subiri kukuche tuongee. Kulipokucha nikamuuliza, vipi mura? Kimya. Saa nne, kimya. Saa sita mchana ndipo ikaja sentensi moja: "Dada, sasa haiwaki kabisa."

Asiyesikia la mkuu, mnajua wenyewe mwisho wake. Lakini simcheki, na wewe unayesoma huku umeficha tabasamu, usimcheke. Wangapi tumefanya hivyohivyo? Kitu kimenyamaza, moyo unadunda, wateja wanne wamesimama mlangoni na simu zao mkononi, na pembeni kuna rafiki mwenye sauti ya uhakika kuliko ujuzi wake. Ukiwa na hofu, ushauri wowote unaotolewa kwa ukali unaonekana ni dawa. Na neno BIOS lenyewe lina mvuto. Linakufanya ujione fundi, umepita mlango wa nyuma ambao wenzako hawaujui.

Tena tusijilaumu sana, maana hatukurithi ujuzi huu. Mama akikufundisha kusonga ugali wa mtama, na yeye alifundishwa na mama yake. Kompyuta nani angetufundisha? Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku hata kuingizwa kwa kompyuta, na wazazi wetu wengi huku Tarime waliiona ya kwanza wakiwa tayari watu wazima, ofisini kwa mtu mwingine. Kwa hiyo tumejifunza kwa kubahatisha, kwa kuulizana vibandani, kwa kuharibu. Sina ugomvi na kujifunza kwa kuharibu. Nina ugomvi na kuharibu halafu kunyamaza, na hilo nitalirudia mpaka mchoke.

Kwanza tuelewane BIOS ni nini. Mfikirie mama mwenye nyumba anayeamka kabla ya kila mtu. Anazunguka gizani, anahesabu: kibodi ipo, kumbukumbu ipo, diski ipo, sauti ipo. Akishahesabu ndipo anamwamsha Windows na kumwambia, haya amka, watu wako ni hawa. Huyo mama ndiye BIOS. Yeye haimbi, hachezi, hapandishi wala hapunguzi sauti. Kuhusu sauti ana jambo moja kubwa tu: chumba cha sauti kifunguliwe au kifungwe. Kikifungwa, Windows hatajua hata kama kuna mtu humo ndani. Kikifunguliwa, atamkuta, na baada ya hapo shida zote ni zao wawili.

Ndiyo maana jibu langu kwa wengi wenu ni moja: kama jana kompyuta ilikuwa inaimba na leo imenyamaza, na hakuna aliyeingia kule BIOS, karibu kila mara shida haiko huko. Chumba hakijifungi chenyewe usiku. Unakwenda kumsumbua mwenye nyumba wakati aliyegombana nawe ni mpangaji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa nasema kuinama kwelikweli, magoti chini, na vumbi lote la barabara ya kwenda Mugumu limejaa nyuma ya kompyuta. Angalia waya wa spika uko tundu gani. Kwenye mazabodi nyingi tundu la kijani ndilo la spika, la pinki ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Usiku, kwa kupapasa, kijani na bluu ni ndugu. Chomeka spika hizohizo kwenye simu yako. Zikinyamaza na huko, basi spika ndizo zimekufa na kompyuta umeisingizia. Kisha bonyeza ile alama ya spika kwenye kona ya chini ya skrini uone sauti imeelekezwa wapi. Hapo kwenye kuelekezwa wapi, weka kidole, nitaparudia baadaye.

Bado kimya? Fungua Device Manager, ule ukurasa wenye orodha ya viungo vya kompyuta, utafute sehemu ya sauti. Ukikuta jina la kadi yako pale, mara nyingi Realtek au jina lenye maneno High Definition Audio, mdogo wangu, acha BIOS. Mwenye nyumba ameshafungua chumba na Windows ameshamwona mtu. Ukikuta alama ya njano pembeni yake, au kitu kisicho na jina, huyo anataka draiva. Mtafutie draiva yake. Ila kama hakuna jina kabisa, hakuna hata kivuli, kana kwamba kompyuta ilizaliwa bubu, hapo ndipo nitakuruhusu ugonge mlango wa BIOS, na nitakuambia ugonge vipi.

Hali hiyo ipo, sikatai. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua ni mitumba kutoka ofisi za watu ng'ambo. Ofisi nyingine hazitaki wafanyakazi wasikilize muziki kazini, basi mtu wao wa kompyuta alifunga sauti hukohuko BIOS, akaweka na nywila juu yake. Mashine imevuka bahari, imefika Dar es Salaam, imepanda basi mpaka Tarime, imeshuka Nyangoto, na bado inatii amri ya bosi ambaye hamtaonana naye. Hiyo ni sababu halali ya kuingia. Dell za ofisini zina ukurasa wa sauti wenye visanduku kadhaa, kimoja cha sauti yote, kimoja cha maiki, kimoja cha kile kispika kidogo kilichomo ndani ya boksi. Kikiwa hakina alama ya vema, kiwekee. Ukikuta nywila usiyoijua, rudi kwa aliyekuuzia kabla hujaanza kufungua skrubu.

Sababu nyingine ni ya wale wanaojiungia kompyuta wenyewe kwa vipande. Hedifoni za tundu la mbele haziimbi, za nyuma zinaimba. Pengine boksi ni la zamani na waya wake wa mbele ulitengenezwa kwa mtindo wa AC'97, mtindo ambao Intel waliutoa mwaka 1997, wakati mazabodi inasubiri mtindo wa HD Audio uliokuja mwaka 2004. BIOS nyingi zina sehemu ya kuchagua tundu la mbele ni la mtindo upi. Badilisha, jaribu. Hiyo haina hatari. Na ukikuta neno Azalia kwenye hizo kurasa usishtuke ukadhani ni kirusi. Hilo lilikuwa jina la kificho la HD Audio enzi inatengenezwa, likaganda hapo mpaka leo.

Sasa twende kwa vijana wa studio, maana nyie ndio wakorofi zaidi. Mmejinunulia kifaa cha kurekodia cha USB, mnataka kumrekodi mzee na iritungu yake, zile nyuzi nane zisikike moja moja, na mtu amewaambia sharti mzime sauti ya mazabodi kule BIOS, la sivyo "zitagombana". Nani kawaambia? Huo ulikuwa ushauri mzuri, lakini ni wa baba zenu. Kadi ya Sound Blaster ilipotoka mwaka 1989 kwa wale Creative wa Singapore, kila kifaa ndani ya kompyuta kilihitaji namba yake ya kumwitia mkubwa, yaani prosesa, na namba zote zilikuwa 16 tu, nyingi zikiwa na wenyewe tayari. Kadi ya sauti ikipewa namba 7, inaikuta printa imekaa hapo. Kuwa na sauti mbili ndani ya mashine moja kulikuwa kama wake wenza kwenye jiko moja. Ukiona hivyo unamzima mmoja upate amani. Leo kompyuta inagawa namba hizo yenyewe, na kifaa cha USB kina njia yake. Iache sauti ya mazabodi ilivyo. Chagua tu ndani ya Windows, na ndani ya programu yako ya kurekodi, kwamba sauti ipite kwenye kile cha USB. Na ule mvumo unaosikika kwenye rekodi zenu, ule wa mmmm usiokwisha, msiutafute BIOS. Mara nyingi ni umeme na waya: vifaa viwili vimechomekwa soketi tofauti, soketi nyingine haina ethi, na waya wa maiki umelala juu ya waya wa umeme. Chomeka vyote sehemu moja yenye ethi kwanza, ndipo uje unilalamikie.

Nikuambie kwa nini naongea kwa ukali huu? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Miaka ya nyuma nilikuwa na kompyuta ya mezani, nzito kama jiwe la kusagia. Humo niliweka sauti ya bibi. Nilimrekodi jioni kadhaa, moshi wa jiko unamkereketa kooni, anasimulia hadithi za sungura na fisi kwa Kikuria chake cha zamani, anakatiza kuwafokea mbuzi, anarudi palepale alipoachia. Saa nyingi. Bibi akafariki. Siku moja sauti ya kompyuta ikakata, na mimi, msomi, nikaingia BIOS. Sikuipata sehemu ya sauti. Nikaona maneno kuhusu diski, AHCI na nini sijui, nikabadilisha "nione". Nikatoka. Windows haikuwaka tena. Ilikuwa inaleta ukurasa wa bluu na kuzima.

Nilipaswa kurudi nikabadilishe lile neno moja. Dakika mbili tu. Diski haikuguswa, sauti ya bibi ilikuwa imelala salama ndani yake, ni kwamba tu Windows alibadilishiwa njia ya kuingilia nyumbani akapotea. Mimi sikulijua hilo. Ila kosa la kutojua ni dogo. Kosa kubwa ni lililofuata: nilipompelekea fundi, akaniuliza, umegusa nini? Nikasema, sijagusa kitu, imezimika yenyewe. Niliona haya, jamani. Dada mkubwa, wa kuulizwa na wote, aseme ameharibu? Fundi akafanya ambacho fundi yeyote angefanya kwa mashine iliyojifia yenyewe. Akaifuta akaweka Windows mpya. Akanirudishia inawaka vizuri, na sauti inatoka, safi kabisa, ya nyimbo zozote ninazotaka isipokuwa ile moja.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio changu nimekilia chumbani, na mpaka leo wadogo zangu wakiuliza ile rekodi iko wapi, nabadilisha mazungumzo. Leo nimewaambia.

Kwa hiyo ukilazimika kuingia BIOS, ingia kama unavyoingia nyumba ya wakwe. Kabla hata ya kuingia, mafaili yako ya thamani yawe kwenye fleshi au diski ya nje. Kama ni mpakato mpya, chunguza kama diski yake imefungwa kwa BitLocker. Zikibadilishwa baadhi ya sehemu za BIOS inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao utabaki unaitazama. Mlango wenyewe unafunguliwa kwa kubonyeza kitufe mara tu unapowasha: Dell ni F2, HP nyingi ni F10, mazabodi nyingi za kuungaunga ni Delete. Ukishaingia, toa simu mfukoni upige picha ya kila ukurasa kabla hujagusa. Kila ukurasa. Simu unayo, picha za ugali unapiga, piga na hizi. Kisha badilisha kitu kimoja, kile cha sauti tu, hifadhi, toka, uone. Hakijasaidia? Rudi ukirudishe kilivyokuwa. Usiongeze cha pili juu ya cha kwanza, maana hapo hutajua nani kaiba.

Na ile sehemu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, ambayo kila rafiki mjuaji anaisifia kwamba inatibu kila kitu, naomba uiogope kidogo. Kiwanda hakijui kompyuta yako iliishi vipi baada ya kutoka kwake. Dell nyingi kiwandani huwekwa diski kwa mtindo wa RAID. Huku kwetu fundi alipoweka Windows alibadilisha kuwa AHCI. Ukirudisha ya kiwandani umemchanganya Windows kama nilivyomchanganya mimi. Kuhusu kusasisha BIOS yenyewe, kwa ajili ya spika? Na umeme wetu huu unaokatika ukipiga chafya? Ukikatika katikati ya zoezi hilo mazabodi inaweza kuwa tofali. Hapana. Kwa sauti tu, hapana.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu wa vibandani, nalisema kwa sababu nimelikuta mara nyingi. Unafunga kibanda jioni, unachomoa waya wa umeme ukutani kwa kuogopa radi. Unafanya vyema, radi za huku kwetu hazina urafiki. Lakini kompyuta ikiwa haina umeme kabisa, BIOS inaishi kwa kibetri kidogo cha duara, CR2032, kama kisarafu. Ikichomolewa kila usiku kibetri kinachoka mapema. Kikifa, BIOS inasahau kila ulichoiambia: saa inarudi miaka ya nyuma, tovuti zinakataa kufunguka zikisema si salama, na mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Mtu anasema kompyuta imerogwa. Haijarogwa. Ukiona saa imerudi nyuma kila asubuhi, nunua kibetri kipya dukani wanakouza betri za saa, kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Na kama umefanya yote, chumba kiko wazi BIOS, draiva ipo, waya uko sawa, na bado bubu, basi kubali kwamba kadi ya sauti ya mazabodi imekufa. Hutaifufua kwa kuiwasha na kuizima, kama vile hutamfufua kuku kwa kumwita. Nunua kile kidude kidogo cha sauti cha USB, chomeka, endelea na kazi.

Sasa yule kijana wangu wa Nyangoto. Nilimpigia. Nikamuuliza: umegusa nini? Akasema, sijagusa kitu dada, nilichungulia tu. Nikanyamaza kidogo, maana jibu hilo nalijua ladha yake. Nikamsimulia habari ya bibi, kama nilivyowasimulia nyie, sikumficha kitu. Upande wa pili wa simu nikasikia anavuta pumzi. Ndipo akasema: jamaa aliniambia nirudishe ya kiwandani, nikabonyeza ndiyo. Nikamwambia asante mura, umeokoa mafaili yako. Tukaingia pamoja kwa simu, ananisomea herufi moja moja, tukakuta diski imekuwa RAID, tukairudisha AHCI. Windows ikawaka. Akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni.

Sauti bado ilikuwa kimya, lakini. Nikamwambia abonyeze ile alama ya spika kwenye kona, aniambie sauti imeelekezwa wapi. Akanisomea jina la runinga. Jumamosi alikuwa ameichomeka runinga kwenye kompyuta kwa waya wa HDMI watu waangalie mpira, na tangu siku hiyo nyimbo zote zilikuwa zinakwenda huko. Runinga ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, inawaka, sauti imepunguzwa mpaka sifuri.